Saz Kati ya Fidla Mbili

Kama umekaa, nyoosha kiganja ugonge goti pamoja nami. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Tena. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ile tatu ya mwisho usiikimbize wala usiikate, ipe haki yake yote. Ukijumlisha utapata tisa, lakini mcheza ngoma wa Anatolia hahesabu tisa. Yeye ana hatua nne: tatu fupi na moja iliyorefuka. Ukimwambia ahesabu atakosea. Mwache acheze.

Mapigo ya namna hiyo yamejaa Uturuki, na Waturuki huyaita aksak. Magharibi ya nchi, upande wa bahari ya Aegean, kuna zeybek, ambayo nayo ni ya tisa ila inakwenda polepole sana, mchezaji ametandaza mikono, anazunguka, anashusha goti hadi chini, anainuka bila haraka. Ukipanda kaskazini hadi pwani ya Bahari Nyeusi utakuta horon, ya saba, inayokwenda mbio hadi mabega ya wachezaji yanatetemeka, na muziki wake unatoka kwenye kemençe, kifidla chembamba cha nyuzi tatu. Mpigaji wa kemençe hukanyaga nyuzi mbili kwa pamoja, kwa hiyo lahani inatembea na kivuli chake kwa umbali uleule mwanzo hadi mwisho.

Sasa chukua mapigo hayo uwakabidhi watu wanne waliolelewa kwa Haydn na Mozart: fidla mbili, viola na chelo. Katikati yao mkalishe mpiga saz, ile ala ya shingo ndefu na tumbo la mviringo, yenye nyuzi saba zilizopangwa mafungu matatu, ambayo pia huitwa bağlama. Pengine ongeza mwimbaji. Tamasha la namna hii si jambo geni Istanbul na Ankara, wala katika miji ya Ujerumani yenye Waturuki wengi, na siku hizi rekodi zake hazina idadi. Ndilo ninalotaka tulizungumze leo: muziki wa kijijini wa Anatolia unapokaa kiti kimoja na muziki wa kiklasiki wa chemba, yaani ule wa kundi dogo lisilo na kiongozi wa kushika kijiti, nani anamfuata nani?

Niseme mapema kwamba mengi ya matamasha hayo yananichosha. Utakuta wale wanne wa nyuzi wamepewa kazi ya kuvuta sauti ndefu, laini, tamu, chini ya mpiga saz, naye anapiga vilevile kama angepiga peke yake. Watazamaji wanapiga makofi kwa sababu kila kitu kimependeza. Lakini hakuna kilichotokea. Fidla zimegeuzwa pambo. Au kinyume chake: lahani ya kijijini inachukuliwa, inapigwa pasi, inavalishwa sauti za pamoja za Ulaya kila pigo, na saz inaachiwa vipande viwili vitatu ili picha ya jukwaani itoke vizuri.

Shida ya kwanza ni ya vidole. Shingo ya saz haina vyuma vilivyogongomewa kama vya gitaa. Ina uzi, siku hizi wa nailoni, uliofungwa kuizunguka mahali pengi, na kila fundo ni mpaka wa noti. Mpigaji anaweza kulisukuma fundo kidogo juu au chini. Na mafundo hayo hayakupangwa kwa hesabu ya piano. Wanadharia wa Uturuki huigawa hatua moja nzima ya sauti kuwa vipande tisa vidogo vinavyoitwa koma. Chukua lahani inayotulia kwenye noti ya la. Hatua ya pili yake, mara nyingi, siyo noti ya si ya piano, wala siyo bemoli yake, yaani noti hiyo iliyoshushwa. Iko katikati. Wanaoandika noti za türkü, yaani nyimbo za kienyeji, huweka alama ya bemoli na kuipachika tarakimu 2 juu yake, maana yake: shusha koma mbili tu, usishuke zaidi. Kwa sikio lililozoea piano, noti hiyo ni kosa. Kwa sikio la Sivas au Erzincan, ukiipiga kama ya piano ndipo umekosea.

Piano haina la kufanya. Imeshafungwa kiwandani. Lakini fidla haina mafundo wala vyuma shingoni, kidole kinaweza kutua popote. Viola na chelo vilevile. Kwa hiyo, miongoni mwa ala za Ulaya, hawa wanne wana uwezo mkubwa wa kumfuata mpiga saz hadi nyumbani kwake, na ndiyo maana naona kundi dogo la nyuzi linafaa kwa kazi hii kuliko okestra kubwa. Katika okestra yenye fidla 30, kumtaka kila mmoja atue kwenye koma ileile ni kutafuta ugomvi. Watu wanne wanaweza kusikilizana. Ila uwezo si utayari. Vidole vya mwanafunzi wa fidla vimefundishwa tangu utoto kukwepa hiyo sehemu ya katikati, na mazoezi ya wiki moja hayaondoi mafunzo ya miaka 15. Ndipo linapotokea jambo ambalo msikilizaji wa kawaida halioni: mpiga saz, kwa adabu, anasukuma mafundo yake yafanane na piano. Dakika chache tu, basi. Amewafuata wao, na tamasha linaendelea kwa amani, bila ile noti.

Jambo hili lina historia, na haikuwa ya adabu tupu. Mwaka 1923, mwaka uleule Jamhuri ya Uturuki ilipotangazwa, mwandishi Ziya Gökalp alichapa kitabu ambamo alidai kwamba muziki wa kiklasiki wa Waosmani ni wa kigeni na umechoka, kwamba muziki wa kweli wa taifa uko vijijini, na kwamba lahani za vijijini zikusanywe na kupangiliwa sauti kwa mbinu za Ulaya. Wazo hilo likawa sera. Vijana wenye vipaji walipelekwa Paris, Vienna na Prague kusoma. Mwezi Novemba 1934, baada ya hotuba ya Rais Atatürk bungeni, redio ikapigwa marufuku kurusha muziki wa kimapokeo wa mjini, ule wa ala za ud, ney na kanuni. Marufuku ilidumu karibu miaka miwili. Sisi wa redio tunajua kinachofuata bila kuambiwa: msikilizaji hagombani na serikali, anageuza kitufe. Waturuki wakaanza kusikiliza Cairo, ambayo ilikuwa imefungua kituo chake cha taifa mwaka huohuo wa 1934.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Béla Bartók. Wengi mnamjua kama mtunzi wa Hungaria, lakini alikuwa pia mkusanyaji wa nyimbo za wakulima ambaye alikaa miaka mingi akizunguka na mashine ya kurekodi. Kwarteti yake ya tano, yaani kipande cha wale wanne wa nyuzi, ya mwaka 1934, ina sehemu nzima inayochezea mapigo ya tisa ya Kibulgaria, yaani alikuwa ameshavamiwa na aksak kabla hajakanyaga Anatolia. Mwaka 1936 Mhungaria mmoja aliyekuwa akifundisha Ankara, László Rásonyi, alisaidia aalikwe. Akaja Novemba, akatoa mihadhara na kupiga piano Ankara, kisha akashuka kusini hadi Adana na Osmaniye. Alikuwa na watunzi vijana wa Kituruki: Ahmet Adnan Saygun, Ulvi Cemal Erkin na Necil Kazım Akses.

Alikuwa akiwatafuta Yörük, wafugaji wanaohamahama na mifugo yao. Mashine yake ilikuwa ile ya Edison, inayochora sauti kwenye silinda ya nta. Huko Osmaniye mzee mmoja wa miaka 70 alianza kuimba, na Bartók akaandika baadaye kwamba hakuamini masikio yake, maana wimbo ule ulifanana na lahani kongwe ya Hungaria. Bartók akiandika noti, Saygun alikuwa akiandika maneno. Wanawake hawakukubali kuimba mbele ya wanaume wageni, jambo lililomsikitisha sana Bartók, aliyezoea kwao kupata nyimbo kongwe kabisa vinywani mwa wanawake. Hata hivyo aliondoka na nyimbo karibu 90. Aliziandika zote kwa uangalifu wake wa kutisha, akamaliza kazi hiyo akiwa uhamishoni Marekani, akafariki New York mwaka 1945 kabla haijachapwa. Ilitoka mwaka 1976.

Kwa nini nakaa sana kwa Bartók? Kwa sababu hakwenda kutafuta viungo vya kukolezea chakula chake. Zaidi ya karne na nusu kabla yake, Vienna ilikuwa na mtindo wa muziki wa "Kituruki": matoazi, ngoma kubwa, pembetatu ya chuma, uigaji wa bendi ya askari wa Sultani. Mozart aliufuata, na kile kipande chake cha piano wengi wenu mmekisikia kwenye mlio wa simu. Kinafurahisha, sina ugomvi nacho. Lakini hakina lahani hata moja ya Kituruki. Bartók alikaa chini akahesabu kila silabi.

Na Saygun alikuwa pembeni yake akitazama. Alizaliwa Izmir mwaka 1907, alisoma Paris, na alikuwa na masikio mawili yasiyogombana. Oratorio yake, kazi ya kwaya na okestra, iitwayo Yunus Emre, ilipigwa Ankara mwaka 1946, na mwaka 1958 kiongozi wa okestra Leopold Stokowski akaiongoza New York. Hiyo ndiyo iliyompa jina. Mimi napenda kazi zake ndogo. Sonata yake ya fidla na piano, ya mwaka 1941, ina sehemu ya pili ambayo ni horon. Piano inagonga, fidla inakwaruza nyuzi mbili kwa pamoja kama kemençe, na mwendo haukupi nafasi ya kuvuta pumzi. Hakuna kemençe pale jukwaani, hakuna aliyevaa mavazi ya kijijini, lakini mtu wa Trabzon, huko Bahari Nyeusi, akiisikia miguu itamwasha. Kisha zikaja kwarteti zake za nyuzi, ya kwanza mwaka 1947. Humo haazimi lahani za watu. Amemeza namna zinavyojengwa, jinsi zinavyoanzia juu na kushuka kwa ngazi, jinsi zinavyozunguka noti moja kabla ya kuiacha, halafu anatunga zake.

Erkin naye aliandika kwarteti na kwinteti ya piano, ingawa watu wanamkumbuka kwa Köçekçe, ya okestra, ya mwaka 1943, ambayo imejaa ile tisa tuliyoigonga gotini. Ni muziki wa shangwe na haujifichi.

Lakini mtu ambaye sisi wa pwani tungepaswa kumjua zaidi ni Hasan Ferit Alnar. Alizaliwa Istanbul mwaka 1906, na kabla hajasikia habari za Vienna alikuwa mtoto wa ajabu kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kupigwa kwa vidole viwili vyenye pete za chuma. Alikwenda Vienna, akasoma utunzi, akarudi akawa kiongozi wa okestra. Halafu, katika miaka ya 1940 hadi mwanzo wa miaka ya 1950, aliandika konseto ya kanuni na nyuzi. Hebu fikiri: ala ambayo marufuku ya redio iliisukuma pembeni, yeye anaiweka mbele, na nyuzi za Ulaya anazipanga ziizunguke. Wala hakuifanya kanuni iwe piano ndogo. Kando ya nyuzi zake kuna vijiti vidogo vya chuma vya kuinua na kushusha koma, navyo vinafanya kazi yake pale mbele za watu.

Kanuni si mgeni Unguja. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kuipiga, kundi la Ikhwani Safaa likaanza mwaka 1905, na hadi leo taarabu ya kale inafunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na mwimbaji. Bashrafu hiyo ni jamaa wa peşrev ya Istanbul, iliyopitia Cairo hadi kufika kwetu. Kwa hiyo mzee wa taarabu akiketi mbele ya tamasha la kanuni na fidla huko Uturuki hatakuwa mgeni kamili. Atajua mlango, atajua baraza, atashangaa vyumba vya ndani. Na tatizo la koma atalitambua mara moja, kwa sababu mle mle taarabuni akodiani inakaa karibu na fidla, na akodiani ya kawaida haina zile sauti za katikati. Kila kundi limelazimika kuamua la kufanya.

Nilisema piano haina la kufanya. Kuna mmoja aliyelikataa hilo. Fazıl Say, mpiga piano aliyezaliwa Ankara mwaka 1970, mwaka 1997 alitunga kipande kifupi cha piano peke yake kiitwacho Kara Toprak, Udongo Mweusi. Jina na mbegu yake vimetoka kwenye wimbo wa Âşık Veysel.

Veysel inabidi nimweleze. Alizaliwa mwaka 1894 kijiji cha Sivrialan, wilaya ya Şarkışla, mkoa wa Sivas. Akiwa na miaka saba alipata ndui, ikamwondolea uwezo wa kuona jicho moja, na jicho la pili alilipoteza baadaye kwa ajali. Baba yake alimpa saz ili apate cha kushika. Âşık ni malenga mwenye kughani kwa saz yake, na mara nyingi hutaja jina lake mwenyewe katika beti za mwisho. Miaka mingi Veysel alipiga nyimbo za wengine. Mwaka 1931 mwalimu na mshairi Ahmet Kutsi Tecer aliandaa sikukuu ya malenga hapo Sivas, na baada yake Veysel akaanza kujulikana na kutunga vyake. Baadaye alifundisha saz katika zile shule za kuwaandaa walimu wa vijijini. Alifariki mwaka 1973. Wimbo wake wa udongo mweusi unasema, kwa ufupi wangu, kwamba marafiki wote walimwacha na ardhi pekee ndiyo iliyomtendea haki.

Alichofanya Say ni hiki. Mkono mmoja anauingiza ndani ya piano, anabana nyuzi zenyewe kwa vidole, na mkono mwingine unagonga vitufe. Sauti inayotoka imeziba, kavu, fupi, haina ule mng'aro wa piano. Ni saz, au karibu yake. Anaghani hivyo kwa muda, taratibu. Kisha anautoa mkono, na piano inafunguka yote, na katikati kunakuwa na dhoruba ya Ulaya nzima pamoja na jazi kidogo, halafu mkono unarudi ndani ya nyuzi. Koma hakuzipata, ni kweli. Alichopata ni kuilazimisha piano iache umaridadi. Katika habari nzima ya mchanganyiko huu, hapa ndipo ala ya Ulaya imeombwa iache zaidi, tena na Mturuki mwenyewe.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo halina mapigo hata kidogo. Waturuki wana nyimbo za mapigo na wana uzun hava, nyimbo ndefu zisizo na hesabu. Mwimbaji anaanzia juu kabisa, anaishika sauti hadi unadhani itakatika, anaitikisa, anateremka ngazi kwa ngazi kwa pumzi moja. Bozlak ya Anatolia ya kati ni ya aina hiyo, na ni kilio. Hapo kwarteti inafanya nini? Noti zao zimeandikwa kwa mistari ya kugawa muda, na muda wenyewe umeondolewa. Nimesikia makundi yanayojaza ule ukimya kwa woga, sauti baada ya sauti, na mwimbaji anasikika kama mtu anayekatizwa na wageni wema. Makundi yanayojua hufanya kidogo sana: chelo peke yake inashika noti moja ya chini, bila kutikisa kidole, upinde unabadilisha mwelekeo bila kusikika, na wengine wameweka pinde zao mapajani. Wanamtazama mwimbaji kifuani kujua lini atavuta pumzi. Mpiga fidla aliyefuzu chuo kikuu cha muziki kukaa dakika tatu bila kupiga chochote jukwaani ni mtihani ambao chuo hakikumpa.

Na kipaza sauti? Ningekiondoa. Saz ina sauti ndogo na kwarteti ikitaka inaifunika, kwa hiyo mafundi huiongezea nguvu, na ghafla ala ya chumbani inakuwa kubwa kuliko chelo. Tafuteni ukumbi mdogo. Nyimbo hizi zilizaliwa katika vyumba vya watu 20.

Kama wangenipa usiku mmoja kuupanga, ningefungua kwa saz peke yake, mpigaji ameacha kijiti cha kupigia nyuzi, anapiga kwa vidole vitupu kwa ule mtindo wa şelpe. Halafu horon ya Saygun, bila maelezo. Kisha kwarteti yake ya kwanza yote, maana watu wamezoea kuikatakata. Mapumziko yawe mafupi. Baada yake Kara Toprak, taa zikiwa zimewashwa ili kila mtu auone mkono unaoingia ndani ya piano. Halafu piano itolewe jukwaani, isukumwe kabisa hadi nje, nao watano wakae nusu duara, saz kati ya fidla mbili, mafundo yake mahali pake, na kabla ya kuanza mpiga saz atoe la yake na wale wanne waifuate.